Nasoma chuo kikuu, mbona nimeambiwa uelewa wangu wa afya hautoshelezi?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa pili. Muhula uliopita walikuja watafiti hosteli kwetu na dodoso refu la mambo ya afya, kisha kila mmoja akatumiwa majibu yake. Mimi nimewekwa kundi la chini kabisa, eti uelewa "usiotosheleza". Mwenzangu wa chumba, anayesoma uuguzi, yuko kundi la juu, na huyohuyo ndiye anayemeza antibiotiki kila akishikwa na mafua. Sikuridhika. Hisabati na kemia nimefaulu tangu sekondari, nasoma bila shida, sigara sivuti. Inakuwaje msomi aambiwe hajui mambo ya afya? Na kinachotuinua au kutushusha ni nini hasa: kozi, pesa, malezi, au hizi simu?

Jibu: Marahaba. Nianze na mwenzako wa chumba, maana nahisi amekukera kuliko hao watafiti. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haina inachoweza kuwafanya virusi; kazi yake ni kwa bakteria. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mapema kwenye hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1945 kwamba dawa hiyo ikitumiwa kwa dozi hafifu, vijidudu vitajifunza kuistahimili. Kwa hiyo kwenye hili mwenzako amekosea, na unaweza kumwambia nimesema mimi. Hata hivyo alama yake ya juu inaweza kuwa halali, na yako ya chini vilevile, kwa sababu dodoso halikuwapima mnachodhani liliwapima.

Jambo lililopimwa na dodoso lilipewa jina mwaka 1974 na Mmarekani Scott Simonds, alipokuwa akitaka shule ziwekewe kiwango cha chini cha kile ambacho mwanafunzi anapaswa kukimudu kuhusu afya. Kwa Kiswahili wengi huliita uelewa wa afya. Mimi napendelea umilisi wa afya. Elimu ya afya ni kile unachopewa darasani au redioni, na uelewa unaweza kuishia kichwani. Umilisi unadai mkono ufanye kilichoeleweka. Maelezo yanayotumiwa sana sasa, ya Kristine Sørensen na wenzake ya mwaka 2012, yanauvunja katika vitenzi vinne: kuipata taarifa, kuielewa, kuipima, kuitumia. Wewe una nguvu kwenye kitenzi cha pili. Mitihani yote uliyofaulu ilikupima hapo, na taarifa uliletewa mezani na mwalimu ambaye hukuwa na sababu ya kumtilia shaka.

Sasa dodoso lenyewe. Ukisema lilikuwa refu, nadhani ni lile lenye maswali 47 lililotumika mwaka 2011 kwenye utafiti wa nchi 8 za Ulaya, au mojawapo ya watoto wake. Karibu nusu ya waliohojiwa huko waliangukia makundi ya chini, kwa hiyo kwanza ujue huko chini hauko peke yako. Lakini angalia linavyouliza. Halikuulizi antibiotiki inaua nini. Linauliza: ni rahisi au vigumu kiasi gani kwako kuamua wakati gani unahitaji maoni ya daktari wa pili? Ni rahisi kiasi gani kujua kama habari za hatari za kiafya kwenye vyombo vya habari ni za kuaminika? Unajibu kwa kujipima mwenyewe, kuanzia "rahisi sana" hadi "vigumu sana".

Umeona mtego? Mtu aliyezoea mazingira ya hospitali, anayejua faili linaanzia dirisha gani na nani anaulizwa nini, atajibu "rahisi" karibu kila mahali. Mhandisi aliyefundishwa kutosema kitu bila ushahidi atasita, aandike "vigumu". Na kusema kweli, kujua kama habari ya afya ni ya kuaminika ni kazi ngumu. Nimeifanya miaka mingi na bado naiona ngumu. Sehemu ya alama yako ya chini huenda ni unyoofu tu.

Kuna vipimo vya namna nyingine. Kimoja kilichotolewa Marekani mwaka 2005 kinakupa lebo ya kopo la aiskrimu na maswali 6. Lebo inasema kipimo kimoja kina kalori 250, na kopo lina vipimo vinne; ukilimaliza lote umekula kalori ngapi? Wewe ungemaliza maswali yote kabla mwenzako hajapata kalamu. Kwa hiyo kwa watu wawili haohao, dodoso moja linakuweka chini na kipimo kingine kinakuweka juu. Yeyote anayekwambia "wanafunzi wa vyuo wana umilisi mdogo wa afya" muulize kwanza alipima kwa nini.

Lakini usishangilie mapema. Mwaka 2006 Terry Davis na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 395 waliopewa lebo za dawa wazisome. Lebo moja ilisema: meza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kati ya wale wa kiwango cha chini cha kusoma, asilimia 71 hivi waliweza kuyarudia maelezo hayo sawasawa. Walipoambiwa wahesabu vidonge vya siku nzima, waliopatia walikuwa asilimia 35 tu. Hutaanguka kwenye vidonge vinne, najua. Ila ufa huohuo kati ya kusema na kutenda unawapata wasomi pia, kwenye mambo magumu zaidi kidogo.

Chukua parasetamoli, dawa ambayo kila mwanafunzi anayo kwenye begi. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Kipindi cha mitihani kichwa kinauma, unameza viwili, kisha vingine viwili. Mafua nayo yamekushika, unachanganya dawa ya unga ya mafua kwenye maji ya moto, na ndani yake mna parasetamoli ileile chini ya jina la biashara jingine. Ikitoka Marekani, kwenye pakiti itaandikwa asetaminofeni, na hutashtuka kwamba ni kitu kimoja. Ukiendelea hivyo siku nzima unaweza kupita kikomo, huku ukidhani umefuata maelekezo ya kila pakiti. Ini linaweza kuanza kuharibika huku wewe siku ya kwanza ukijisikia mzima, na dawa ya kulinusuru hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Aliyewahi kufundishwa kusoma jina halisi la dawa, lile la herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara, anaepuka haya yote. Ni jambo linalohitaji macho na mazoea tu, na shahada hailifundishi.

Unauliza nini kinainua na nini kinashusha. Tafiti za wanafunzi katika nchi nyingi zinarudia majina yaleyale: kozi, mwaka wa masomo, elimu ya wazazi, kipato cha nyumbani, jinsia, na wapi mtu anapata taarifa zake. Majina hayo ni sahihi, lakini yakipangwa kama orodha ya vitu sokoni hayafundishi kitu. Nitakwambia ninavyoyaona mimi.

La kwanza ni nani alikuwa akikubebea kazi hii kabla hujafika chuoni. Kwa miaka 18 au 19 kuna mtu mzima aliyejua chanjo zako, aliyesema "hii homa ipelekwe hospitali" au "hii tusubiri kesho", aliyeongea na daktari wewe ukiwa umekaa pembeni. Halafu mwezi mmoja tu ukahama, na kazi yote ikakuangukia bila makabidhiano. Wanafunzi wengi hawajui hata kama wana mzio wa dawa fulani. Aliyejua ni mama. Hapa ndipo elimu ya wazazi inapofanya kazi, zaidi kwa yale mtoto aliyoona yakifanyika kuliko kwa vyeti vyao. Mzazi aliyemuuliza daktari maswali mbele ya mtoto amemfundisha mtoto kwamba daktari huulizwa. Na ndiyo maana mwanafunzi aliyekua na pumu, selimundu au kisukari mara nyingi anawaacha mbali wenzake matajiri na wazima: amekuwa akikaa mbele ya wahudumu tangu utotoni, akitaja dozi zake kwa kinywa chake. Pesa inasaidia, sikatai. Inakuwezesha kuonana na mtaalamu mapema na mara kwa mara, na kila ukimwona unajifunza kitu. Ila njia yake ni hiyohiyo ya mazoea.

Kozi ni ya kweli pia. Wanafunzi wa fani za afya kwa kawaida hupata alama za juu kuliko wa fani nyingine, na hupanda kadiri wanavyosonga mbele. Wamepewa msamiati, na wamepoteza woga wa jengo la hospitali. Lakini kozi inakupa ulichosomeshwa, na tabia za nyumbani zinaweza kuishi chini yake bila kuguswa. Mwenzako pengine anajua vizuri kabisa somo la virusi. Mafua yakimkamata Jumapili usiku na mtihani uko Jumatatu, anafanya alichokiona kikifanyika kwao.

La lugha linasahaulika sana, na kwetu sisi wa Kiswahili lina uzito wake. Umesoma biolojia kwa lugha moja, unaumwa kwa lugha nyingine. Ukisema una homa, daktari anasikia joto la mwili limepanda. Jirani yako akisema hivyohivyo anaweza kumaanisha malaria, au uchovu tu na mwili kuuma. Tunasema fulani "ana presha" kana kwamba presha ni ugonjwa, wakati kila aliye hai anayo, na swali ni iko ngapi. Neno hilo limetuingiza mahali pabaya zaidi: kwa kuwa tunasema pia "usinipe presha", wengi wanaamini shinikizo la juu la damu ni ugonjwa wa watu wenye mawazo, na mtu mtulivu hana haja ya kupimwa. Mara nyingi halina dalili yoyote. Halafu kuna ile "kutwa mara tatu" ya kwenye bahasha ya dawa. Kutwa kwa Kiswahili chetu ni mchana, toka asubuhi hadi jua linapozama. Kwa dawa inayotakiwa kupishana kila baada ya saa 8, anayemeza asubuhi, mchana na magharibi amezibana dozi tatu ndani ya nusu siku, na usiku kucha mwili umebaki bila kitu. Ameitii bahasha neno kwa neno. Muulize mfamasia: kila baada ya saa ngapi?

Kwenye namba ndipo wewe, mtu wa hesabu, unatakiwa kuwa hodari, na ndipo ningependa uwe makini zaidi. Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitangaza kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Mara mbili! Wanawake wengi, hasa vijana, wakaacha vidonge vyao. Gerd Gigerenzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani anayechunguza namna watu wanavyozisoma hatari, ameieleza hesabu iliyokuwa nyuma ya neno hilo: kwa vidonge vya zamani aliyepata tatizo alikuwa 1 hivi kati ya wanawake 7,000, na kwa vipya wakawa 2 kati ya 7,000. Ndiyo, ni mara mbili. Pia ni mtu mmoja zaidi kwa kila 7,000. Mwaka uliofuata inakadiriwa mimba 13,000 zaidi zilitolewa Uingereza na Wales, na ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Waliosoma tangazo walijua kusoma, wengine walikuwa vyuoni. Walichokosa ni mazoea ya kuuliza: mara mbili ya ngapi?

Kuhusu simu, sina ugomvi nazo. Ninachogombana nacho ni dhana kwamba kijana aliyezaliwa na intaneti anajua kuipima. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jaribio la watu 45: wanahistoria 10, wahakiki wa taarifa wa vyombo vya habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho, ambacho hakiingiliki kwa bahati nasibu. Walionyeshwa kurasa za taasisi mbili za madaktari wa watoto zenye majina yanayofanana. Moja, American Academy of Pediatrics, ni chama kikubwa kilichoanza mwaka 1930 chenye makumi ya maelfu ya wanachama. Nyingine, American College of Pediatricians, ni kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002. Wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakaupima kwa sura: nembo, mpangilio, orodha ya marejeo chini. Hata wanahistoria wengi waliteleza hivyohivyo. Wahakiki waliutazama kwa sekunde chache, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza "hawa ni akina nani?" Kilichowaokoa ni kutouamini ukurasa ujieleze wenyewe. Ukiwa na dakika moja tu juu ya habari ya afya, itumie nje ya habari hiyo.

Halafu kuna aibu, ambayo madodoso hayaigusi vizuri. Mwanafunzi ambaye mpira umepasuka na anahofia VVU ana saa 72 za kuanza dawa za kinga, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dozi ni siku 28. Kijana huyo anajua kutafuta, anajua kusoma, simu ina bando. Anatumia siku mbili akisoma usiku, akifuta historia ya utafutaji asubuhi, kwa sababu kwenye zahanati ya chuo anayeandikisha majina anafahamiana na darasa lake zima. Utampa alama ngapi huyo? Don Nutbeam, mtaalamu wa afya ya jamii aliyeandika sana juu ya haya, alitenganisha mwaka 2000 ngazi tatu: umilisi wa msingi wa kusoma na kuelewa, umilisi wa mawasiliano, na umilisi tunduizi wa kuhoji. Wasomi wengi hukwama kwenye ile ya pili. Nami nimo. Niliwahi kuugua, nikakaa mbele ya daktari kijana kuliko mimi, akaniuliza "umeelewa?", nikaitika "ndiyo" kwa heshima zote, nikafika nyumbani sijui kama dawa ninywe kabla au baada ya kula. Niliona haya kumrudia.

Kisa hicho kinanileta kwenye upande ambao dodoso lako halikuugusa kabisa. Marekani, katika malengo yao ya afya ya Healthy People 2030 yaliyozinduliwa mwaka 2020, wameligawa jambo hili mara mbili: kuna umilisi wa mtu na kuna umilisi wa taasisi. Taasisi inayoandika maelezo yasiyosomeka, au zahanati inayofunguliwa saa ambazo wanafunzi wote wako darasani, imefeli yenyewe. Haiwezi kumpa mwanafunzi alama ya chini ikaondoka. Ningependa siku moja watafiti wapite ofisi za chuo na dodoso kama lenu.

Wewe binafsi ufanye nini? Mpigie simu mzazi au mlezi wiki hii umuulize: chanjo nilizopata, mzio, magonjwa ya ukoo, dawa iliyowahi kunidhuru. Andika. Hayo ndiyo makabidhiano ambayo hayakufanyika. Na ukiwa mbele ya mhudumu, usiondoke bila majibu ya maswali matatu ambayo wagonjwa hufundishwa kuuliza: tatizo langu hasa ni nini, natakiwa nifanye nini, na kwa nini ni muhimu nifanye hivyo. Kisha mrudishie kwa maneno yako: "Ngoja nione kama nimekuelewa, ninywe hiki kila baada ya saa nane, mpaka viishe?" Ukikosea atakurekebisha hapohapo, na lawama ya kutoeleweka inabaki kwake, siyo kwako.

Mwisho, alama yako. Kwenye lile dodoso la maswali 47 matokeo hugeuzwa kuwa namba kati ya 0 na 50, na kundi la chini kabisa linaishia 25. Makundi haya yalitengenezwa kulinganisha umati na umati, siyo kumpa mtu mmoja cheo. Waandikie watafiti uwaulize walitumia dodoso lipi na ulipata ngapi. Wakikwambia 24.8, basi piga hesabu mwenyewe: kila jawabu lina pointi 1 hadi 4, unatafuta wastani, unatoa 1, unazidisha kwa 50, unagawanya kwa 3. Utakuta swali moja tu, ungeandika "rahisi" badala ya "vigumu", ungefika 25.2 na ungekuwa kundi jingine. Wakikwambia 15, niandikie tena, na utaje ni maswali yapi uliyoyaona magumu.